Mbolea Haijaiva

4 Mei, Jumapili.
Mama mkwe kapiga simu. Anakuja tarehe mosi Juni. Eti mimi ninachojua kuotesha ni ndevu tu! Nikamwahidi atakula mchicha wa mkono wangu. Mke wangu akakohoa.

Nina tuta nyuma ya nyumba na kiroba cha samadi ya kuku. Jirani yetu, mwalimu mstaafu, kainusa kidogo, kasema haijaiva, itaunguza mizizi. Asante, Mwalimu! Nimebandika sufuria kubwa. Nusu kiroba, maji, moto wa wastani.

Saa sita: imechemka. Saa sita na dakika tano: mke wangu karudi.

5 Mei, Jumatatu.
Sufuria imetupwa. Kumbe mbolea huiva yenyewe, kwenye lundo, taratibu. Mtu si aseme!

Nimepanda hivyo hivyo. Mbegu zilizobaki mke wangu kazimwaga kwenye lundo lake la maganda na majani, liko nyuma ya bafu tangu mwaka jana. Mchicha kwenye takataka! Nimemhurumia.

12 Mei, Jumatatu.
Miche imetoka, ila ya manjano. Mwalimu kashauri mbolea ya chumvichumvi, kidogo sana. Duka la pembejeo limefungwa. Lakini jikoni chumvi ipo! Nimeweka mara mbili, maana imetajwa mara mbili.

15 Mei, Alhamisi.
Mchicha wote chali. Hata magugu yamekufa. Nitamwambia nini mama mkwe? Ndevu zenyewe nimezinyoa kwa hasira.

1 Juni, Jumapili.
Mama mkwe kala sahani mbili! Mchicha wa nyuma ya bafu, majani mapana kama kiganja. Kauliza ni mkono wa nani. Nikasema wa humu humu ndani. Mke wangu kanikanyaga mguu, kisha kashindwa kujizuia, kacheka mpaka machozi. Mama mkwe kaniita mwanangu! Miaka tisa nimengoja neno hilo. Furaha niliyonayo haisemeki.

Mwezi ujao anarudi. Anataka nipande mbele ya macho yake, kwenye tuta langu. Yalaa!

2 Juni, Jumatatu.
Mwalimu kaja kulikagua tuta. Kasikitika sana, kasema udongo umezidi chumvi.

Ni hilo tu? Nani asiyejua dawa ya mchuzi uliozidi chumvi? Nimefukia viazi kilo mbili. Nimevimenya kabisa.