Naomba Simba wa Danieli Warudi Kuwa Simba

Mheshimiwa Baba Askofu,

Nakusalimu kwa unyenyekevu, nikitumaini barua hii itakukuta mzima na umekaa mahali pazuri, maana ni ndefu. Mimi ni fundi makochi, mshirika wa kanisa letu kwa miaka ishirini na mmoja, benchi la tatu upande wa dirisha. Sijawahi kulalamika. Hata paa lilipovuja juu ya kichwa changu msimu mzima, nilisogea tu. Lakini sasa yamenifika hapa, na hapa ni shingoni.

Namlalamikia Mchungaji wetu. Tangu arudi kutoka masomoni, ambako alisomea mambo ya nafsi, hakuna kitu katika Maandiko kinachobaki kilivyo. Anasema akili ya mtu ni kama nyumba: juu kuna sebule ya kupokelea wageni, na chini kuna chumba tulichokifunga wenyewe, kisha tukasahau kwamba tumekifunga. Chumba hicho anakiita akili fiche. Na kila habari takatifu, kwa maelezo yake, inatokea humo chini. Watu wamempa jina la Mchungaji wa Chumba cha Chini, kwa upendo. Mimi namwita hivyo bila upendo.

Nayapanga malalamiko kwa namba ili usipotee.

1. Simba wa Danieli. Jumapili ya kwanza alitangaza kwamba simba wale ni hasira tunazozishusha shimoni na kuzifunika, halafu tunashangaa zikinguruma. Baba Askofu, mimi nilikuwa nimewazoea simba wenye miguu minne. Walikuwa mbali, walikuwa wa zamani, na midomo yao ilifungwa na malaika. Sasa naambiwa ni wangu na ninawalisha mwenyewe. Mke wangu akaninong'oneza, "Umesikia? Miaka minne unawanenepesha."

Hapa sina budi kueleza. Nina kaka mkubwa, seremala. Tulikuwa tukifanya kazi katika karakana moja: yeye anachonga fremu, mimi naweka sponji na kitambaa. Miaka minne iliyopita mteja alirudisha kochi akisema linalia. Kaka akamwambia, mbele yangu na mbele ya watu, kwamba mlio unatoka kwenye kitambaa. Kitambaa, Baba Askofu! Siku hiyo hiyo niliigawa karakana katikati kwa plaiwudi, na tangu hapo hatujasemezana. Nasikia tu randa yake ikienda, naye bila shaka anasikia mkasi wangu. Jambo hili halihusiani kabisa na malalamiko haya. Nimelitaja kwa sababu ya mke wangu.

2. Yona. Tuliambiwa samaki si samaki, bali ni tumbo analojifungia mtu anapokimbia alikotumwa. Tulipofika nyumbani mke wangu akawa anamimina chai, akaniuliza, "Na wewe, Ninawi yako iko wapi?" Nikamjibu kwamba Ninawi iko kwenye ramani, kurasa za mwisho, imepakwa rangi ya waridi. Akacheka mpaka chai ikamwagika. Ilinimwagikia mimi.

3. Ndoto. Kwa kuwa Yusufu alifasiri ndoto, Mchungaji ameweka kochi ofisini kwake, na kila Jumatano washirika hujilaza hapo wakasimulia walichoota. Kochi hilo nimelitengeneza mimi, na naungama kwamba ni zuri mno. Ukilala tu, mdomo unajifungua wenyewe. Nilikwenda kukagua mishono, si kwa sababu nyingine. Nikajikuta nimelala. Nikajikuta nasimulia kwamba naota nashona kochi na mtu amebaki ndani yake. Anagonga. Mimi naendelea kushona. Mchungaji hakufasiri chochote, aliuliza tu, "Nani yumo?" Nikasema ni sponji. Akanyamaza. Baba Askofu, kunyamaza kwake si kwa kawaida, ni kwa kitaalamu. Nilivumilia dakika nzima, kisha nikakumbuka nina kazi.

4. Hili ndilo lililonikalisha niandike. Jumapili iliyopita ilikuwa zamu yangu kusoma Neno, na somo lilikuwa Kaini na Abeli. Nilijiandaa. Nilivaa koti. Nikafika pale Mungu anapouliza aliko Abeli, na badala ya kusoma kwamba Kaini alijibu hajui, nikasoma kwa sauti kubwa na safi: "Yuko nyuma ya plaiwudi."

Kanisa zima likaangua kicheko. Mpiga kinanda alikiegemea kinanda, kikatoa sauti isiyomo katika wimbo wowote. Mchungaji alifumba macho kama mtu aliyepokea zawadi. Mmoja tu hakucheka, benchi la nyuma, karibu na mlango. Yeye alikohoa. Kikohozi kile nakijua tangu tulipokuwa tukilala kitanda kimoja: ni cha kuzuia machozi, ingawa akiulizwa atasema ni vumbi la mbao.

Basi, naomba hivi. Mchungaji ahamishiwe mahali ambako washirika hawaoti. Simba warudi kuwa simba, samaki awe samaki, na Kaini awe mtu mwingine. Tena, ikiwa kweli nina akili fiche, iitwe mbele ya baraza la wazee ijieleze yenyewe. Haijabatizwa, haimo katika daftari la washirika, na inasoma Neno hadharani bila kupangiwa zamu. Ikithibitika kwamba inataka kupatana na kaka, siizuii. Iende. Ivuke plaiwudi, imsalimie, imwulize hali ya mgongo wake, imwambie kwamba tangu tutengane makochi yangu yanakaa kama yanaogopa kukaliwa. Mimi nitabaki upande wangu.

Wasalimie wote wa nyumbani, katibu wako, dereva wako, na wachungaji wote ambao bado hawajaenda masomoni.

Ni mimi mwanao katika imani, mwenye akili moja tu na inamtosha,

Fundi Makochi

Nyongeza: Barua hii imechelewa siku tano kwa kosa langu. Juu ya bahasha, huku nakufikiria wewe, niliandika: Kwa Seremala, mlango wa pili. Mke wangu, niliyemtuma posta, aliliona kosa, akaifikisha mlango huo huo wa pili. Nikasikia randa imesimama. Baadaye nikasikia misumari inang'olewa, mmoja mmoja. Plaiwudi ilipoanguka, kaka alikuwa amesimama na barua mkononi. Akasema, "Mlio wa kochi lile ulikuwa wa mguu wa nyuma. Nilijua siku ile ile, nikaona aibu mbele ya mteja." Mimi nilikusudia kumwambia "Toka." Nikasema "Karibu." Tulicheka, tukalia, na vumbi la mbao lilikuwa jingi kweli.

Kwa hiyo malalamiko yote hapo juu uyasome kama Mchungaji wetu anavyosoma Maandiko, yaani yakimaanisha kitu kingine kabisa. Asihamishwe. Hasa si kabla ya Jumatano, kwa sababu kaka naye ameota, na katika ndoto hiyo umo wewe, Baba Askofu, uko juu ya ngazi, umevaa vazi ambalo kwa heshima siwezi kulitaja. Tumeona ni afadhali aifasiri mtaalamu.