Kikaango cha Mwanasiti Chapata Msimamizi wa Zamu

“Wananchi wa Tanga, ninayo furaha kuwatangazia kwamba uchumi umeanza kupata nafuu. Kwa bahati mbaya, umeanzia kwa wanawake.”

Hivyo ndivyo nilivyotangaza mimi, Idarusi, katibu wa Kamati ya Kurejesha Ajira, mwaka 1987. Tulikuwa tumezunguka mtaa mzima wa Nguvumali. Wanaume waliopunguzwa viwandani walikuwa barazani wakisubiri kuitwa. Wake zao walikuwa wakikaanga, wakishona, wakivuka mpaka wa Horohoro kufuata sabuni Kenya. Ripoti yetu ikaweka mambo sawa: wanaume ni wafanyakazi, wanawake hawana kazi. Tukaagiza kazi hiyo wasiyokuwa nayo waikabidhi kwa waume zao mara moja.

Tulianza na Mwanasiti, muuza vitumbua wa langoni pa ofisi yetu, aliyekuwa akisomesha watoto watatu kwa kikaango kimoja.

“Shikamoo, katibu. Alfajiri nani atawasha moto?”

“Marahaba. Mumeo, Bwana Uweso.”

“Uweso? Huyo hata daku twamwamsha kwa maji.”

Uweso alikiendesha kikaango kwa taratibu alizozijua kiwandani. Aliteua msimamizi wa zamu, mtunza ghala, mlinzi na mjumbe wa chama cha wafanyakazi. Pamoja naye na vibarua wawili, jumla watu saba. Kamati ilishangilia: ajira saba kwa mpigo. Siku ya tatu vilitoka vitumbua vinne, na vyote vililiwa na kikao cha tathmini.

Siku ya nne Mwanasiti aliwasha jiko lingine ng'ambo ya barabara. Nikamfuata na barua ya katazo. Aliisoma yote, hadi muhuri.

“Ripoti yenu yasema mie sina kazi. Sasa mwanizuia kufanya nini?”

Nilirudi ofisini kuitisha kikao cha dharura, nikakuta barua ya wizara mezani. Serikali inapunguza wafanyakazi, na itaanza na kamati za ajira.

Nilikaa barazani na Uweso miezi miwili. Iliniuma, siwafichi. Mwishowe nilivaa Kaunda suti yangu nikaenda kwa Mwanasiti, ambaye sasa alikuwa ameajiri wanawake sita.

“Kuna nafasi ya kuosha masufuria,” alisema huku akigeuza vitumbua. “Ila mie sitaki maneno na watu. Mkeo ameridhia?”

Nimemwandikia mke wangu Semeni ombi rasmi, nakala tatu. Amesema atalifikiria akishauza sabuni zake.