Taa za Babu Mlinzi

Jumatatu, 2 Oktoba
Leo ndiyo leo! Nimekata vitawi vya kundi la tatu kutoka kwa mche mama, nimevichomeka kwenye vikopo vya mtindi jikoni, chini ya taa. Kundi la pili limefika magotini. La kwanza limefika kifuani, nimelitoa nje, uani, lianze kutoa maua. Hili likivunwa, lile linakomaa, lile jingine linaota. Bangi ya zamu, mwaka mzima! Wengine hapa Nakhon Pathom, tangu Thailand iruhusu bangi, wanapanda yote siku moja, wanavuna siku moja, kisha wanakaa kupiga miayo. Shauri yao.

Mke wangu Duangjai hakushangilia. Kasema uani palikuwa na mrehani na mchaichai wake. Sikukuu ya Loy Krathong ikifika, mwishoni mwa Novemba, bila ua hata moja, anang'oa kila kitu, na mimi narudi kwa kaka yake Wirat, kiwandani, kubeba barafu. Barafu! Vidole vyangu havijapata joto hadi leo. Sirudi ng'o.

Jumatano, 4 Oktoba
Jirani yangu Mzee Thawin kachungulia tena juu ya ua. Eti anaulizia jani la kutia kwenye supu ya tambi. Mwezi uliopita nilimpa kitawi kimoja kwa ujirani mwema. Sasa macho hayabanduki. Sipendi.

Nimekwenda kumwomba Babu, mzimu mlinzi wa kiwanja, kwenye kijumba chake cha tambiko cha juu ya nguzo, pale pale penye miche. Nimempa soda nyekundu, na mrija nimemtilia. Nimeweka nadhiri: miche ikitoa maua, nitamwekea taa kubwa kubwa. Kwa kuanzia nimemzungushia zile ndogo za kumetameta, ziwake mpaka asubuhi. Babu atafurahi, mwizi ataonekana.

Jumapili, 22 Oktoba
Majani. Majani matupu! Ua hata la dawa hakuna. Na kile kitawi cha Mzee Thawin, mtoto wa mche mama yule yule, kimechanua gizani nyuma ya choo chake! Ametia nini?

Nimemuuliza. Kasema hajatia kitu, mmea ukitaka kuchanua lazima upate giza la kutosha. Kaniambia nizime zile taa. "Wewe kila usiku unaipigia miche disko, italala saa ngapi?" Nimecheka kimoyomoyo. Vitoto vyangu vya jikoni vinalala na taa na vinanawiri. Halafu, ni nani anayependa giza kama si mwizi? Nimeongeza taa mbili.

Alhamisi, 26 Oktoba
Asubuhi nimekuta waya wa taa umechomolewa. Jana vilevile! Nimeuchomeka tena. Nimemwambia Mzee Thawin wazi kwamba namjua. Kajibu kwamba kwa mgongo wake ule hawezi kuruka hata mfereji, sembuse ua. Jibu lilikuja haraka mno. Alikuwa amelitayarisha.

Duangjai kasema labda ni Babu mwenyewe, amechoka, anataka kulala. Mimi nina msiba, yeye ana utani.

Jumanne, 14 Novemba
MAUA! Meupe, yananata, yananukia mpaka barabarani! Nimepiga magoti mbele ya Babu, machozi yamenitoka. Barafu, kwaheri!

Ndipo Duangjai akanifungulia moyo. Kila usiku nikishalala, ni yeye aliyekuwa akichomoa waya, kwa ushauri wa Mzee Thawin; na tangu nilipolalamika, alikuwa akiurudisha kabla sijaamka. Kasema, "Baba Nok, nakuomba, acha hivi hivi. Usiguse kitu."

Nimeumia sana. Mke wangu mwenyewe! Amekula njama na jirani, wanamzimia Babu taa karibu wiki tatu nzima. Na Babu, pamoja na dharau yote hiyo, ameleta maua! Je, kama asingezimiwa, angeleta mangapi?

Ijumaa, 17 Novemba
Ahadi ni deni. Fundi umeme amekuja, amefunga taa nne kubwa, nyeupe, uani kote kama kiwanja cha mpira. Nimemwambia aunge waya moja kwa moja, pasiwe na cha kuchomoa. Kundi la kwanza liko katikati ya mwanga. La pili nimelitoa jikoni, nimelipanga miguuni pa Babu, nalo lifaidi.

Mzee Thawin alipoziona alishika kichwa. Wivu huo.

 Duangjai amezitafuta buti zangu za kiwanda cha barafu, kaziosha, kazianika juani. Bila shaka anataka kumpa Mzee Thawin. Nimezificha chini ya kitanda. Hawanipati!