Majoka Manane na Bibi Arusi Mmoja

Jumapili, 16 Novemba 2025

Al Wakrah, Qatar. Zamu ya mchana, lango la mtaa wa nyumba arobaini. Joto limepungua. Nimefungua daftari hili kwa sababu mwanamume anayekaribia kufaulu anafaa kuweka kumbukumbu.

Habari kubwa: tarehe ishirini na tisa ni ruracio yangu na Shiru, sherehe ya mahari, kwao Njabini, Kinangop, Kenya. Miaka mitatu tumependana kwa simu. Nimeomba likizo. Reuben, msimamizi wetu kutoka Mbarara, amesema ana nafasi ya mlinzi mmoja tu, mimi au Wesley, na ataipata asiye na doa. Wesley! Mtu anayepiga pasi soksi!

Habari ndogo: nimeweka mchezo kwenye simu. Unaitwa Majoka Manane. Safu tano zinazunguka, zimejaa samaki wa dhahabu, mapepeo ya mkono na majoka. Si kamari. Kamari nchi hii ni marufuku na mimi si mjinga. Ni sarafu za kuchezea, hazinunui hata chai. Nanoa akili tu.

Jumanne, 18 Novemba

Mchezo una siri. Kengele tatu zikitokea pamoja, unapewa mizunguko kumi ya bure. Joka la kijani linasimama badala ya picha yoyote. Lakini utamu wenyewe ni bonasi ya taa. Taa tano nyekundu zinashuka zikiwa zimefunikwa, unachagua moja. Ndani kuna utajiri au moshi. Nilichagua ya nne. Moshi. Nikarudia ya nne. Moshi.

Nikamuuliza Chelsea, Mfilipino anayeuza kahawa kwenye kibanda kando ya lango. Nyanya yake alikuwa Mchina. Alisema kwa nyanya huyo, nne ilikuwa namba ya kifo, hata vikombe vinne havikupangwa mezani. Akaongeza kwamba yeye mwenyewe haamini hayo, na kwamba kahawa yangu inapoa. Sehemu hiyo sikuisikiliza.

Alhamisi, 20 Novemba

Mfumo umekamilika! Usiguse ya nne kamwe. Chagua ya pili. Nimejaribu mara kumi na moja, nikapata utajiri mara saba. Profesa gani angegundua hili akiwa amevaa buti za kampuni?

Kikwazo: bonasi ya taa huja ukicheza nusu saa bila kukatiza. Na kila saa natakiwa kuzunguka mtaa mzima nikigusisha kifaa cha doria kwenye vidude kumi na viwili vilivyofungwa ukutani, ili kompyuta ya Reuben ijue nimepita.

Dawa yake: bisibisi. Nimevifungua vidude vyote, nikavipanga mezani kwenye kibanda chetu cha ulinzi. Kila saa navigusa kimoja kimoja nikiwa nimekaa. Wesley aliona, akasema nivirudishe kabla mambo hayajaharibika, hasa mtu mwenye ruracio. Wivu mtupu.

Jumapili, 23 Novemba

Reuben ameniita ofisini. Alinikaribisha kiti, nikajua mambo ni mabaya.

Alinionyesha rekodi. Tangu Alhamisi, kila saa, nimezunguka nyumba arobaini, matangi ya maji na bwawa la kuogelea kwa sekunde tisa. Aliniuliza kwa upole kwa nini sijawahi kuliwakilisha taifa langu kwenye mbio. Wesley, mzaliwa wa Iten kunakotoka mabingwa wa mbio, alikuwa mlangoni. Alisema hata kwao kasi hiyo haipo.

Barua ya onyo. Likizo amepewa Wesley. Nimelia chooni, na sioni haya kuandika. Suti nilishanunua.

Nilipotoka nikacheza kidogo, kutuliza moyo. Taa ya pili. Utajiri!

Jumatano, 26 Novemba

Nimempigia Shiru, nikamwambia siwezi kuja, ni mambo ya kazi. Akasema ataongea na wazee.

Wazee wamekubali nihudhurie kwa simu. Dada yangu Cheryl ataishika. Lakini kuchagua bibi arusi ni lazima. Wanawake wataletwa wakiwa wamefunikwa leso kutoka utosini hadi vidoleni, nami nimtambue wangu. Nikikosea, faini na aibu ya ukoo. Shiru anasema nisiwe na wasiwasi, nitamjua tu.

Wasiwasi? Nimeuliza watakuwa wangapi. Watano! Nililala kama mtoto.

Jumamosi, 29 Novemba

Nilivaa suti, chini kaptula. Mandhari: ukuta wa kibanda cha Chelsea, ndio msafi.

Waliingia wakaketi kwenye benchi. Watano, wamefunikwa. Nikasema moyoni, hizi ni taa. Mjomba wa Shiru, ndiye msemaji wao, akaniambia nichukue muda wangu. Muda wa nini? Wa nne alikuwa akikohoa. Alikohoa mara tatu. Nikamhurumia, Kinangop kuna baridi. Wa pili alionekana mfupi, lakini kamera hudanganya.

Nikatangaza wa pili kwa sauti ya mume.

Wakafunua leso. Shosho yake Shiru, yaani nyanya yake! Miaka themanini na mitatu, meno mawili. Alisema amekubali na akauliza ndege ni saa ngapi. Hema zima likaangua kicheko. Cheryl alicheka mpaka simu ikanionyesha nyasi.

Wa nne alijifunua mwenyewe. Hakucheka. Alichukua simu kwa Cheryl, akaenda nyuma ya hema.

"Mwaura, miaka mitatu unasikia sauti yangu kila siku," alisema. "Nimekukoholea mara tatu. Ulikuwa unasikiliza nini?"

Alikuwa akilia.

Hukumu ya mjomba: mbuzi wawili, na binti hatolewi kwa simu tena. Nije mwenyewe Aprili. Nikikosea tena, wataelewa kwamba simtaki.

Jumapili, 30 Novemba

Sikulala. Nampenda Shiru na nimemliza mbele ya ukoo wake. Asubuhi nilifuta Majoka Manane kwenye simu. Nikaapa kutocheza tena. Nilijisikia mtu mpya mpaka saa nne na nusu hivi.

Saa hiyo nilikuwa kwa Chelsea nikitazama picha ya benchi aliyonitumia Cheryl. Mzee mmoja wa mtaa alikuwa akisoma gazeti lake la Kiarabu. Nikamtazama macho yake yanavyokwenda. Kutoka kulia kwenda kushoto.

Nikaweka kikombe chini. Mimi jana nilikuwa wapi? Qatar! Nikahesabu benchi upya, kutoka kulia. Wa kwanza shangazi. Wa pili Shiru! Na wa nne je? Shosho!

Mfumo haukukosea hata kidogo. Aliyekosea ni aliyehesabu. Chelsea aliuliza kwa nini sikumsikiliza tu mtu aliyekohoa. Nilimwomba asichanganye mambo.

Nimerudisha Majoka Manane kwenye simu. Wanaorudi wanapewa mizunguko hamsini ya bure, na mpaka Aprili nina muda wa kutosha wa mazoezi. Shiru nimemwandikia ujumbe mrefu, nimemtumia na mchoro wa benchi, namba kutoka kulia. Ameusoma tangu mchana. Hajajibu bado.

Bila shaka anahesabu.