Kamati ya Kiu ya Mchicha

"Itangazwe kwa wakubwa na wadogo: kuanzia Jumatatu hii, hakuna mchicha wa Mswahili yeyote hapa Walthamstow utakaonyauka bila idhini ya maandishi."

Ndivyo alivyotangaza Mzee Mwadini, mwenyekiti wa Kamati ya Kukabili Ukame wa Mboga za Majani. Alitumia kipaza sauti, ingawa waliohudhuria walikuwa saba na wawili kati yao wakwe zake.

Hali ilikuwa mbaya, asikudanganye mtu. London ilikuwa haijaona mvua wiki ya tano. Kaunsili ya mtaa, inayowakodishia watu vishamba vya mboga, ilipiga marufuku mipira ya maji, kisha ikaleta barua: mkaguzi atakuja Jumamosi, na kishamba kitakachokutwa kikavu atapewa mwingine. Mwadini alikuwa amekilima chake miaka kumi na tisa, na hakuwa tayari kukipoteza. Basi akafanya ambalo kila mwenye busara angefanya. Akaunda kamati.

Na kamati ilichapa kazi. Jumanne ilijadili ajenda. Jumatano ilijadili kwa nini ajenda ya Jumanne haikuwa na kipengele cha chai. Alhamisi iliazimia kwamba mche wowote usinyweshwe mpaka ufanyiwe tathmini ya kiu, fomu nakala tatu, sahihi ya mwenyekiti.

"Kakaangu," akasema Bi Sheikha, Mpemba mwenye kishamba cha jirani, "mchicha una kiu leo."

"Mchakato unaendelea, Bi Sheikha."

"Haya. Endelea nao."

Bi Sheikha hakuwa mtu wa vikao. Kila asubuhi mapema, kabla jua halijakaza, alikuja na ndoo ya maji aliyooshea mchele, akayamimina taratibu shinani, kisha akafunika udongo kwa nyasi kavu ili unyevu usipotee. Mwadini akamwandikia barua ya onyo, kurasa nne, kwa kosa la kumwagilia kiholela. Bi Sheikha akazilowesha kurasa zote nne na kuzitandaza chini ya mchicha.

"Karatasi nzuri hii," akamwambia. "Inashika maji. Huna nyingine?"

Jumamosi mkaguzi akafika, mama mmoja aitwaye Jasmeet, mpole lakini hacheki ovyo. Katika kishamba cha Mwadini kila shina lilikuwa limekauka kau, na kila shina lilikuwa na kibao: INASUBIRI TATHMINI.

"Mboga ziko wapi?" akauliza Jasmeet.

"Ziko katika hatua ya pili," akajibu Mwadini, akimkabidhi faili.

Jasmeet akageukia kwa Bi Sheikha. Mchicha ulikuwa umefika magotini. "Wewe umefanyaje?"

"Nimeumwagilia."

Jasmeet akaandika, kisha akafungua orodha ya wanaosubiri vishamba. Wa kwanza alikuwa Sundus, binti wa Bi Sheikha. Mwadini akauliza kama naye anaweza kujiandikisha upya. Anaweza, akaambiwa, foleni ni miaka kumi na mmoja.

Akakaa juu ya faili lake, uchungu umemjaa. Bi Sheikha akamhurumia kweli.

"Kakaangu, kesho njoo unibebee ndoo, mchicha tutagawana," akasema. "Ila kamati iache nyumbani."