Kidonge cha Kuonja

Mali ya Mudy ilikuwa ulimi. Kwa ulimi huo aliwahi kuwauzia wakulima wa Kichiwa majivu, wakayabeba wakiamini ni mbolea. Asubuhi moja ya baridi, kwenye mgahawa wa Ashura katika stendi ya Makambako, alimwona mama akitoa kichupa kwenye kikapu na kukitazama kwa mapenzi.

"Kamwene, mama. Unaumwa?"

"Naendelea vizuri, mwanangu," alisema Esnath, mkulima wa chai wa Lupembe. "Nilipomzika mume wangu nilishindwa kutoka kitandani, chai ikakomaa shambani. Daktari akasema ni sonona, akanipa vidonge hivi. Sasa nachuma chai, na kwenye kwaya nimerudi."

Mudy aliacha kutafuna. Tangu biashara iwe ruksa, Makambako nzima ilikuwa hailali. Mwenye duka aliliogopa duka jipya la jirani, mwenye lori akamwogopa mwenye malori mawili. Wateja walikuwepo, na bidhaa ndiyo hiyo mezani. Esnath alipoinuka kuulizia basi la Njombe, kichupa kikahamia mfukoni mwa Mudy. Tusimhukumu haraka; kilikuwa kimekaa peke yake.

Meza ya pili alikaa Abdulsalam, mwenye malori, macho mekundu kwa kukosa usingizi.

"Tajiri, hivi ni vidonge vya furaha," Mudy alinong'ona. "Kimoja tu, mawazo yote yanapanda basi la Songea."

Abdulsalam akavitaka vyote. Akaweka mezani malipo, redio kaseti mpya kabisa, bado imo kwenye boksi lake.

Hapo Esnath akarudi, akakiona kichupa chake mkononi mwa Mudy. Bila vidonge hivyo alikiona kile kitanda kinamsubiri. Lakini angepiga kelele za mwizi, watu wangemvamia kijana kwa mawe na dawa ingemwagika matopeni. Akavuta kiti taratibu.

"Kwetu anayekukaribisha pombe ya ulanzi huonja kwanza, mgeni aone," alisema. "Dawa je?"

"Ulanzi mimi sinywi," alisema Abdulsalam, "ila utaratibu huo naupenda. Onja, kijana."

Mudy akameza kimoja kwa madaha. Abdulsalam akaagiza chai na maandazi, wakakaa kuisubiri furaha.

Mudy alisifia dawa, akasifia Ulaya ilikotoka. Chai ya pili ilipokuja, midomo ilianza kunata. Akaomba maji, akaomba tena. Ulimi ukawa mzito kama gunzi mdomoni, kope zikashuka.

"Fu... furaha..." alisema, akalaza kichwa mezani.

Esnath akachukua kichupa. "Hivi ni vyangu, tajiri. Hata mimi siku ya kwanza vilinilaza hivyo hivyo. Nafuu ilikuja polepole, baada ya majuma."

Abdulsalam akaikumbatia redio yake. Akatazama kushoto na kulia, akainama.

"Huyo daktari anapokea na wanaume?"

"Benchi limejaa wanaume."

"Basi panda lori langu, mama. Utanionyesha njia."

Jua lilikuwa limegeuka Mudy alipoamka. Mbele yake alisimama Ashura, beseni la vyombo kiunoni.

"Wenzako wamesema chai ya meza nzima ni yako."

Mudy akafungua mdomo amdanganye. Ulimi haukutikisika. Ashura alisubiri kidogo, kwa heshima, kisha akampa sabuni.