Kondo la Wiki ya Kumi na Moja

Jumatatu, 3 Machi
Profesa ametangaza: Ijumaa anateua msimamizi wa maabara. Mmoja tu! Ama mimi, mwenye miaka tisa humu ndani, ama Miwani, binti aliyekuja juzi na bado anauliza choo kiko wapi. Mtihani wenyewe mdogo. Kila mmoja kapewa vioo kumi na viwili vya hadubini, na juu ya kila kioo kipande cha kondo la nyuma la mimba ya wiki ya kumi na moja, chembamba kuliko ganda la kitunguu. Unatia protini yenye rangi, ile inayoshika sukari. Ikikuta sukari kwenye seli za kondo inang'ang'ania hapo, na pale panakuwa kahawia. Basi. Ndiyo kazi ya kumpima mtu mzima hiyo?

Nimemwambia mama watoto aanze kuniita Msimamizi. Kasema nianze na bomba la jikoni, linavuja.

Jumanne, 4 Machi
Miwani anasoma maelekezo. Kurasa nne! Tena anafuata mstari kwa kidole. Kabla ya rangi inabidi upake kitu cha kuziba, ili rangi isigande pasipoitwa. Maelekezo yanataka unga maalumu, uloweke saa mbili. Saa mbili! Mimi nimekoroga maziwa ya unga. Vipimo vyetu vingine vyote tunazibia kwa maziwa. Miwani akanijia taratibu: eti kaka, kwa kipimo hiki nadhani maziwa hayafai. Nikamjibu kwamba mimi nimekula chumvi nyingi.

Nimemaliza mapema. Nimepita mezani kwake mara tatu nikipiga mluzi.

Jumatano, 5 Machi
Vyeupe. Vioo vyote kumi na viwili, vyeupe pe! Nimefuta hadubini. Nimebadilisha taa. Hata doa. Vya Miwani vina ukingo wa kahawia kwenye kila kijitawi cha kondo. Bahati ya mgeni tu.

Mwingine angekata tamaa. Mimi nimekaa nikafikiri. Rangi haikushika, maana yake sukari haipo. Kondo la wiki ya kumi na moja halina sukari hata chembe! Vitabu vyote vimekosea! Usimamizi kitu gani? Wataniita Daktari. Nimeandika kurasa mbili, nikampelekea Profesa mkononi.

Alhamisi, 6 Machi
Nimeutangaza ugunduzi mbele ya maabara nzima. Kifua mbele. Profesa akaniacha nimalize, kisha akauliza nilizibia kwa kitu gani. Nikasema maziwa. Akauliza maziwa yana nini ndani. Nikasema mafuta. Na kingine? Miwani akatazama viatu vyake.

Sukari. Lahaula! Kumbe ile protini ilikutana na sukari ya maziwa, ikaishika hiyo, nami niliposuuza vioo, protini na sukari vikaenda pamoja na maji. Kwenye kondo haikufika kabisa. Nikasema protini yenye msimamo isingerubuniwa kirahisi hivyo. Hakuna aliyecheka.

Profesa akaniambia, kwa sauti ya chini, kwamba vipande vile vilitoka kwa mama aliyeharibikiwa na mimba. Alitia sahihi vitumike huku analia, ili wenzake wasije wakapoteza za kwao. Vya wiki hiyo vimekwisha. Niliona aibu, na sikatai. Ilinikaa mpaka wakati wa chai.

Halafu Profesa akauliza kama kuna mtu aliyenionya. Miwani hakujitaja, akaendelea kufuta vioo vyake. Anajifanya mwema mbele za watu! Hilo sitamsamehe.

Ijumaa, 7 Machi
Funguo za msimamizi kapewa Miwani. Ila Profesa kasema vioo vyangu vitawekwa kando ya vya Miwani, kuonyesha kwamba protini ile ikishapewa sukari nyingine, kondo hailigusi tena. Havikupotea bure. Nikamwambia kwa hiyo bila mimi ushahidi haukamiliki! Akaniomba nisizidishe.

Nyumbani mama watoto kauliza imekuwaje. Nikamwambia mimi ni nusu ya ushahidi. Akauliza nusu ipi.

Jumatatu, 10 Machi
Limeletwa kondo jingine, la wiki ya tisa. Mama mwingine, msiba uleule. Nimepewa vioo sita. Miwani ndiye aliyeniombea kwa Profesa. Nikiharibu tena, kazi yangu itakuwa kuosha chupa.

Nimekabidhiwa pia karatasi, kwa herufi kubwa: Vitu Visivyoruhusiwa Kuzibia. Cha kwanza, maziwa. Hilo anifundishe nani, wakati mimi ndiye niliyeligundua? Sikuendelea kusoma. Nimeikunja, nimeitia chini ya mguu wa meza inayoyumba. Imetulia vizuri.

Ule unga wao siloweki. Saa mbili za nini? Mimi nina ute wa yai. Protini tupu! Na nani aliwahi kula yai likawa tamu? Miwani kanikuta nalipasua la kwanza. Akauliza, kwa adabu zake zilezile, kama nimefika mstari wa pili wa ile karatasi. Nikamwambia dada, mimi si mtu wa kurudia kosa. Alipogeuka nikamimina kwenye vioo vyote sita.